Sarafu Iliyolika na Sura ya Mungu

Sarafu ambayo sura ya mtawala wake imelika hadi haionekani, na ambayo maandishi yake yamebaki alama mbili tatu ukingoni, humwachia anayeishika maswali mawili. La kwanza ni la kitaalamu, yaani sarafu hiyo ilitolewa na nani, wapi na lini, na jibu lake hutafutwa kwa mizani, kwa rula na kwa mwanga. La pili ni la falsafa, na watu wa dini wamelishughulikia kwa karne nyingi: je, kitu kilichopata hadhi kwa kupigwa chapa ya mwingine hubaki na hadhi hiyo chapa inapofutika? Vitabuni maswali haya hutenganishwa, la kwanza likiachiwa wanahistoria wa fedha na la pili likiachiwa wanateolojia, ilhali hakuna hata moja linalojibika vizuri bila lingine. Hapa yanawekwa pamoja, na yanatazamwa kutoka Busia na Malaba, miji miwili ya Kenya iliyo mpakani mwa Uganda, kwa sababu huko kuitambua pesa na kumtambua mtu ni kazi zinazofanyika bega kwa bega tangu asubuhi hadi jioni, na makosa ya kazi zote mbili mara nyingi humwangukia mtu yule yule.

Sarafu za majimbo ya Roma ni zile fedha, nyingi zikiwa za shaba, ambazo miji ya mashariki ya dola ya Kirumi kama Efeso, Antiokia na Aleksandria iliendelea kufua kwa ajili ya matumizi ya wakazi wake chini ya utawala wa Kirumi, hadi desturi hiyo ilipokoma mwishoni mwa karne ya 3 baada ya Kristo. Upande mmoja kwa kawaida uliwekwa kichwa cha Kaisari au cha mtu wa nyumba yake. Upande wa pili uliachiwa mji, nao mji uliweka mungu wake, hekalu lake au mto wake, pamoja na jina la wenyeji wake kwa Kigiriki, ambapo sarafu ya Efeso haikuandikwa jina la mji bali iliandikwa kwamba ni ya Waefeso. Ndani ya kipande kimoja cha shaba mlikuwa na utii wa aina mbili, wa mbali na wa karibu, na sarafu inapolika hutokea mara kwa mara kwamba upande wa mji unatoa jibu ambalo upande wa Kaisari umeshindwa kulitoa.

Sababu ni ya kimaumbile kabisa. Sehemu za sarafu zilizoinuka zaidi ndizo zinazokutana na vidole, na mifuko na sarafu nyingine, kwa hiyo ndizo zinazolika mwanzo: shavu la mtawala, nywele zilizo juu ya sikio, taji. Herufi zilizo karibu na ukingo, zikikingwa na ukingo wenyewe, huweza kudumu baada ya uso kwisha, na umbo lote la picha, hata likikosa kila undani, hubaki kama kivuli. Mtambuzi mzoefu kwa hiyo haanzi na uso. Huipima sarafu kwa gramu, huupima upana wake kwa milimita, huangalia rangi ya metali mahali ilipokwaruzwa, hutafuta kijishimo kidogo katikati ambacho mafundi wa baadhi ya miji walikiacha walipokuwa wakikitayarisha kipande kabla ya kukipiga chapa, kisha huigeuza aone kama picha za pande mbili zimeelekea upande mmoja au zimepishana. Ndipo huiweka chini ya mwanga unaotoka ubavuni, maana mwanga wa juu hufuta kila kitu na mwanga wa ubavuni hukipa kila kiinuko kivuli chake. Kikitokea kivuli cha mtu aliyesimama wima, mwili umebanwa kama nguzo, mikono miwili imenyoshwa pande zote na kutoka kila mkono panateremka mstari hadi chini, basi huyo ni Artemi wa Waefeso, yule yule ambaye kwa ajili yake Demetrio mfua fedha alizusha ghasia zinazosimuliwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 19. Hakuna herufi iliyosomwa wala uso ulioonekana, lakini utafutaji umeshafika Efeso, au walau mji wa jirani ulioiazima sanamu hiyo.

Aleksandria ina somo lake la pekee, na kwa msomaji wa Busia ndilo lililo karibu zaidi. Tangu enzi za wafalme wa Ptolemaio, Misri ilikuwa na fedha zilizofungiwa ndani yake: sarafu zake hazikutumika nje, na mtu aliyeingia na fedha za kigeni alitakiwa kuzibadilisha kwanza. Warumi walipoichukua nchi waliuacha utaratibu huo uendelee kwa zaidi ya miaka 300, hadi Kaisari Diocletian alipoufuta. Sarafu kubwa ya Aleksandria ilikuwa ya fedha iliyochanganywa na shaba, na kadiri miaka ilivyopita shaba iliongezeka na fedha ikapungua, lakini ilikuwa na fadhila moja ambayo watambuzi huishukuru hadi leo. Iliandikwa mwaka wa utawala wa Kaisari kwa alama maalumu ikifuatwa na herufi ya Kigiriki inayosimama badala ya tarakimu, hivyo kwamba alama mbili tu zikisalimika, na umbo la kichwa likitosha kumtofautisha Kaisari mmoja na mwingine, sarafu nzima hupata mwaka wake.

Mtu anayeshuka leo kwenye lori au bodaboda upande wa Kenya wa Busia anakutana na utaratibu unaofanana na huo, ingawa haukuwekwa na mfalme yeyote. Kando ya barabara wamesimama wabadilishaji pesa na mabunda ya noti mkononi, na shilingi moja ya Kenya hupata zaidi ya shilingi 20 za Uganda. Kwenye noti hakuna shida kubwa, kwa kuwa noti za pande zote mbili zinajulikana na bei yake hutajwa kwa sauti. Shida huwa kwenye sarafu. Sarafu ya Uganda ya shilingi 500 yenye korongo mwenye ushungi, au ya 100 yenye ng'ombe wa pembe ndefu, ni fedha kamili hatua chache upande wa pili, na upande huu haimpatii mtu hata kibiriti asipopata wa kuipokea. Fiqhi ya Kiislamu, ambayo Waislamu wa miji hii wanaijua, imeiwekea sharti biashara ya kubadilisha fedha kwa fedha: lazima pande zote zikabidhiane mkono kwa mkono katika kikao kimoja, bila upande mmoja kungojea. Sharti hilo kwa kawaida huelezwa kama kinga dhidi ya riba, na ndivyo lilivyo, lakini lina faida nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kwamba humlazimisha kila mmoja kuitazama fedha ya mwenzake wakati mwenye fedha bado yuko mbele yake na anaweza kuulizwa.

Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda, kisha likahamishiwa himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na Wateso na Wasamia wakajikuta kila jamii ikiwa na ndugu katika nchi mbili. Fedha, hata hivyo, haikugawanywa pamoja na ardhi. Kuanzia 1921, baada ya rupia kuondolewa na florini kujaribiwa kwa muda mfupi mwaka 1920, pande zote mbili zilitumia shilingi moja iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, hadi 1966 nchi hizi zilipoanza kutoa fedha zake zenyewe. Shilingi hiyo nayo ilikuwa sarafu ya jimbo la dola: kichwa cha mfalme aliyekaa London upande mmoja, na upande wa pili simba mbele ya milima. Kama ile ya Aleksandria, fedha halisi ndani yake ilikuwa kidogo, sehemu 250 kati ya 1000, na kuanzia 1948 hata hiyo iliondolewa ikawa shaba na nikeli tupu.

Shilingi ya namna hiyo ikilazwa kiganjani baada ya kupita mikononi mwa watu kwa miongo kadhaa, taji la mfalme limekuwa uvimbe laini, pua imeungana na shavu, simba amebaki mgongo na mkia, na mwaka hausomeki. Mtambuzi anaigeuza polepole hadi herufi za ukingoni zitoe kivuli. Akiona mabaki ya cheo cha Kaizari wa India, anajua kwamba haijafika 1948, maana India ilipata uhuru mwaka 1947 na cheo hicho kikaondolewa. Akiona herufi ndogo H, anajua ilifuliwa Birmingham kwenye kiwanda cha Heaton; I ni Bombay; SA ni Pretoria. Akiiweka kwenye mizani na kuulinganisha uzito wake na ule wa sarafu mpya, chini kidogo ya gramu 7.8, anajua ni kiasi gani kimebaki vidoleni mwa watu. Zipo pia senti tano, zilizoitwa ndururu, na senti kumi za mwaka 1936, zote zenye tundu katikati, ambazo zilibeba jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu Desemba mwaka huo huo kabla hajatawazwa. Sarafu hizo zilitumika kama nyingine zote. Mtu alinunua chumvi kwa jina la mfalme ambaye hakuwa tena mfalme, na chumvi haikupungua kwa sababu hiyo.

Kenya huru ilianza mwaka 1966 kwa kufuata desturi ya wafalme, ikaweka kichwa cha Jomo Kenyatta kwenye sarafu zake, baadaye kikaja kichwa cha Daniel arap Moi, kisha kuanzia 2005 kikarudi cha Kenyatta. Katiba iliyozinduliwa mwaka 2010 ilikata mzizi wa jambo hilo. Ibara ya 231 inaruhusu noti na sarafu kubeba picha zinazoiwakilisha Kenya au sehemu yake, na inakataza picha ya mtu yeyote binafsi. Desemba 2018 zikatoka sarafu mpya zenye twiga, kifaru, simba na ndovu, na kwa kuwa za zamani hazikuondolewa, mkono mmoja wa chenji Malaba huweza kubeba marais wawili na wanyama wanne. Mwaka 2019, noti mpya zilipotolewa zikiwa na jengo la mikutano la Kenyatta jijini Nairobi, ambalo mbele yake pana sanamu ya Jomo Kenyatta, watu walikwenda mahakamani wakidai kwamba picha ya sanamu ya mtu ni picha ya mtu, na mahakama ikalitupa ombi lao. Wako waliolichukulia shauri hilo kuwa la siasa tu, lakini swali lililokuwa ndani yake ni zito: sura ya sura ni sura ya nani?

Waislamu walikwisha kulikabili swali la karibu na hilo miaka 1,300 iliyopita. Dola yao ilipoziteka nchi za Warumi wa mashariki iliendelea kwanza kufua dinari zenye wafalme na misalaba iliyoondolewa mkono wa kukingama, hadi Khalifa Abdul Malik bin Marwan, karibu mwaka 77 Hijria, alipotoa dinari zisizo na sura ya kiumbe chochote, zenye maandishi peke yake yanayotamka tauhidi. Khalifa mwenyewe, ambaye kabla ya hapo alikuwa amewekwa juu ya sarafu akiwa amesimama na upanga, alitoweka. Katiba ya Kenya haikufanya hivyo kwa sababu za kidini, na wanyama wa sarafu zake wasingekubalika kwenye dinari hizo, lakini hatua zote mbili zinakubaliana katika jambo moja lililo sahihi: picha ya mtawala kwenye fedha ni dai la umiliki, na dai hilo likizoeleka watu huanza kuamini kwamba kinachopita mikononi mwao ni mali ya yule aliyechorwa.

Ikiwa picha inaweza kuondolewa na fedha ikabaki fedha, basi uhai wa sarafu uko wapi? Aristotle aliandika katika kitabu chake cha maadili kwamba fedha ipo kwa makubaliano ya watu na si kwa maumbile, na kwamba iko ndani ya uwezo wao kuibadilisha au kuifanya isifae kitu. Imamu Ghazali, katika Ihya, alifika mahali panapokaribiana kwa njia ya kidini alipoeleza kwamba dinari na dirhamu hazitakiwi kwa ajili yake zenyewe bali ziliumbwa ziwe kipimo baina ya mali mbalimbali, zikiwa kama kioo ambacho hakina rangi yake na huonyesha rangi zote. Hekalu la Yerusalemu, kwa upande wake, lilipokea kodi yake kwa shekeli za mji wa Tiro zilizokuwa na kichwa cha Melkarti, mungu wa kipagani, kwa sababu fedha yake ilikuwa safi na uzito wake wa kuaminika, na ndiyo maana uani mwa hekalu palikuwa na wabadilishaji ambao meza zao zilipinduliwa. Makuhani waliokataza sanamu kwa ukali kuliko watu wote wa zama zao waliitazama sura ya mungu wa kigeni wakaipita, wakaiuliza mizani.

Upande wa pili wa jambo hili ulionekana Uganda. Mwaka 1973 zilitoka noti zenye sura ya Idi Amin, sura kubwa, wazi, isiyo na mkunjo. Baada ya Amin kupinduliwa mwaka 1979 zilitolewa noti nyingine zenye jengo la Benki ya Uganda mahali pa uso wake, na mwaka 1987 serikali ikafuta sifuri mbili, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, tena asilimia 30 ikakatwa. Mfanyabiashara wa mpakani aliyekuwa ameficha bunda la noti za Amin ndani ya sanduku alibaki na sura iliyosomeka kikamilifu na isiyonunua chochote, wakati sarafu iliyosagika hadi haina uso huendelea kupokelewa alimradi anayeipokea anajua kwamba wa baadaye naye ataipokea. Sura peke yake haitoshi, na ukosefu wa sura peke yake hauangamizi. Kinachoibeba sarafu ni jamii iliyo tayari kuitikia kwa niaba yake.

Hapa ndipo swali la dini linapoingia kwa uzito wake wote, kwa kuwa Wakristo wa mwanzo walimlinganisha mwanadamu na sarafu tena na tena. Chanzo ni kisa kilicho katika Injili za Mathayo, Marko na Luka, ambapo Yesu, akiulizwa kuhusu kodi, aliomba aonyeshwe sarafu na kuuliza picha na maandishi yaliyo juu yake ni ya nani, kisha akatenganisha cha Kaisari na cha Mungu. Tertuliano wa Karthago alikifasiri kwa kusema kwamba sura ya Kaisari iko kwenye sarafu na sura ya Mungu iko ndani ya mtu, kwa hiyo fedha irudi kwa mmoja na mtu arudi kwa mwingine. Augustino, askofu wa Hippo, alikwenda mbali zaidi katika mahubiri yake juu ya Injili ya Yohana. Kwake yeye wanadamu ni sarafu ya Mungu iliyopotea kutoka hazina, kutangatanga kumeisugua chapa iliyokuwa juu yao, na aliyeipiga mwanzo amekuja kuipiga upya. Wote wawili walikuwa watu wa Afrika, wa pwani ile ya kaskazini iliyokuwa ikitumia fedha za Roma kila siku, na ni wazi kwamba Augustino alikuwa amewahi kushika sarafu iliyokwisha.

Ubishi uliofuata ulihusu kiasi cha kulika. Je, dhambi ilifuta sura ya Mungu yote au iliifubaza? Augustino mwenyewe, alipozipitia upya kazi zake katika uzee wake, alirekebisha kauli aliyokuwa ameitoa kwamba Adamu aliipoteza sura hiyo, akaeleza kwamba isidhaniwe haikubaki hata kidogo, bali iliharibika hadi ikahitaji kuumbwa upya. Calvin, karne ya 16, alikubali kwamba haikufutika kabisa, ila akasisitiza kwamba mabaki yake yameharibika vibaya mno. Atanasi wa Aleksandria, kabla yao wote wawili, alikuwa ametumia mfano wa picha iliyochorwa juu ya ubao, ambayo ikichafuliwa ubao hautupwi, ila mwenye sura huja kukaa tena mbele ya mchoraji. Katika Uislamu msemo wa sura umetumiwa kwa tahadhari kubwa, na mahali pake hushikwa na fundisho la fitra, yaani umbile safi ambalo kila mtoto huzaliwa nalo na ambalo malezi huweza kulifunika. Katika mafundisho yote haya kilichopigwa chapa mwanzo hakipotei, na Atanasi ndiye anayeelekea kulieleza vizuri zaidi, kwa sababu anauthamini ubao wenyewe.

Kuna jambo, hata hivyo, ambalo Augustino hakulipa nafasi na ambalo mtambuzi yeyote wa sarafu angemwambia. Yeye alichukulia kwamba kulika kunatokana na kupotea. Sarafu za Roma ambazo hadi leo zina kila unywele wa Kaisari ni zile ambazo hazikutumika: zilifukiwa ndani ya mtungi na mtu aliyeogopa vita, akafa bila kurudi. Zilizolika ni zile zilizokuwa zikifanya kazi, zilizolipa ujira, zilizonunua mafuta na kuingia sokoni kila asubuhi. Kulika kwa sarafu ni ushahidi wa utumishi wake kabla hakujawa ushahidi wa jambo lingine lolote, na fasiri ya dini inayoona katika kila uso uliochakaa alama ya hatia humdhulumu mtu aliyechakazwa na kazi, na uzazi, na mizigo aliyobeba kichwani kuvuka mpaka kwa miaka 30. Maandiko yenyewe hayako upande wa fasiri hiyo, kwani marafiki wa Ayubu walikemewa kwa kosa hilo hilo la kuisoma hatia katika mwili ulioteseka.

Tena kulika si kufutwa. Mwishoni mwa mwaka 211 Kaisari Caracalla alimuua ndugu yake Geta, akaamuru jina lake na sura yake viondolewe kila mahali. Mji wa Stratonikea, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, ulikuwa umefua sarafu kubwa za shaba zenye ndugu hao wawili wakitazamana, na juu ya sarafu hizo kichwa cha Geta kilikwanguliwa kwa patasi. Mtambuzi huona tofauti papo hapo: mikono ya watu hulainisha sarafu nzima bila upendeleo, wakati patasi huchagua mmoja na kumwacha mwenzake mzima. Palipotumika patasi swali halibaki kuwa sarafu hii imekuwaje, bali ni nani aliyetoa amri, na hilo ni swali la haki. Watu wa mpakani wana sababu ya kuzijua hali zote mbili, kwa kuwa mtu huweza kukosa karatasi kwa sababu moto, mvua na uhamaji vimezila, na huweza kuzikosa kwa sababu mtu fulani ofisini aliamua kwamba jina lake si la upande huu.

Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti, na Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja. Ni maendeleo ya kweli. Lakini mashine inayosoma alama za vidole ina upungufu ambao mtambuzi wa sarafu angeutabiri: mistari ya vidole ni miinuko, na miinuko ndiyo inayolika mwanzo. Mponda kokoto, mlimaji wa jembe la mkono, mfuaji nguo na mbeba mizigo hufika dirishani wakiwa na ncha za vidole laini, na mashine huwajibu kwamba hawajulikani. Katika uchaguzi wa Kenya mtu ambaye vidole vyake havisomeki hutafutwa kwa nambari ya kitambulisho, jambo linaloonyesha kwamba wenye mamlaka wanafahamu kwamba kutosomeka si kutokuwepo. Na kabla ya mashine zote hizo kulikuwa na njia ya chifu na wazee wa kijiji, ambao humuuliza mtu jina la babu yake, ukoo wake, kisima alichochota maji na jirani aliyepakana naye shamba, wakimpima kama vile sarafu inavyopimwa kwa uzito, ukingo na kivuli pale uso unapokosekana. Njia hiyo ina hatari zake, maana mzee naye huweza kushika patasi, lakini inajua kuuliza swali la pili.

Mfano wa sarafu una mpaka wake, na ni wajibu kuuonyesha kwa sababu kosa kubwa zaidi limejificha hapo. Sarafu huishi kwa kupokelewa. Ikikataliwa na wote inakuwa kipande cha metali, na hakuna aliyedhulumiwa isipokuwa aliyekuwa ameishika. Mtu akikataliwa na wote hapungui chochote, kwa kuwa thamani yake haikutokana na soko wala na benki kuu, na hakuna serikali yenye uwezo wa kumtangaza kuwa muda wake wa kutumika umekwisha. Hilo ndilo Tertuliano alilolishika barabara: alichopewa Kaisari kinaweza kufutwa na Kaisari, na ambacho Kaisari hakukipa hawezi kukifuta. Kinachoweza kuhamishwa kutoka mizani ya sarafu kwenda kwenye dirisha la mpakani kwa hiyo si kipimo cha thamani, ila ni adabu ya kutambua.

Adabu hiyo ina kanuni ambayo wanaoorodhesha sarafu za majimbo ya Roma huifuata kwa uaminifu. Herufi isiyosomeka huachwa wazi kwenye orodha, haijazwi kwa kukisia, na sarafu isiyotambulika hupewa nambari yake na uzito wake na kuhifadhiwa pamoja na nyingine, kwa sababu huenda kesho ikapatikana ya pili iliyopigwa kwa chapa ile ile, iliyolika mahali tofauti, na hizo mbili zikasomana. Haisafishwi kwa tindikali wala kwa brashi ya waya ili iseme haraka, maana utandu wake wa kijani mara nyingi ndio unaoshikilia undani wa mwisho uliobaki. Afisa wa Busia au Malaba anayeifuata adabu hiyo huandika kwamba mashine haikusoma, haandiki kwamba mtu hajulikani. Humwita aliyefuatana naye, humsikiliza kwa Kiteso au Kisamia ikiwa ndiyo lugha aliyonayo, na humpa kiti wakati nambari yake inatafutwa.